Mlango Uliorithi

Nikutegee kimoja kabla hujakaa vizuri. Ninaye mtoto asiyelia wala kunyonya. Baba yake hajamwona hata siku moja, lakini kila alichofundishwa baba, na yeye anakifanya bila kuambiwa. Ni nani huyo? Fikiri. Usinipe mji, miji nimepewa mingi na hakuna hata mmoja niliohamia. Nitakwambia mwenyewe: ni mlango. Si huu wa mbao unaousukuma kwa kiwiko huku umebeba ndoo. Ni mlango unaoongozwa na kompyuta, na kisa chake ndicho hiki, nacho hakina kicheko kingi.

Palikuwa na mwanamke mmoja mwandishi wa programu. Ofisini walimwita Bi Milango, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuandika programu za kufungua na kufunga milango ya maghala. Ofisi yenyewe ilikuwa ghorofani, juu ya duka la matairi, na harufu ya mpira ilipanda ngazi pamoja na wafanyakazi kila asubuhi. Kiti chake kilikuwa na mguu mmoja mfupi, akautilia kipande cha kadibodi, na kila alipokasirika kiti kilimtikisa kama kinachomcheka.

Waandishi wa programu ukiwasikia wakizungumza, utadhani wanagombea urithi wa marehemu. Huyu mzazi, yule mtoto, huyu karithi nini, yule kakataa nini. Maana yake ni nyepesi. Mtu hataki kuandika jambo lile lile kila siku. Anaandika kiolezo kimoja, kama karatasi ya fundi cherehani anayokatia gauni. Halafu anaanza kiolezo kingine na kusema, huyu ni mtoto wa yule. Basi mtoto anapata kila kitu cha mzazi. Katika ukurasa wake hayaandikwi ila yale anayotofautiana na mzazi. Mengine yapo, lakini huyaoni mpaka uende kwa baba.

Kiolezo mzazi cha milango yao kiliandikwa na mkuu wa ofisi, mtu waliyembandika jina la Profesa kwa jinsi alivyopenda kueleza, hata namna ya kukoroga chai. Kilikuwa cha mlango wa ghala la bidhaa. Na kwa kuwa wezi wa maghala huanza kwa kukata umeme, Profesa aliandika mstari mmoja: umeme ukikatika, jifunge, wala usifunguke mpaka aje mwenye namba ya siri. Mstari mzuri. Katika ghala la saruji na mabati, nani yuko ndani? Hayupo.

Likaja bohari la nyama, likataka mlango wa chumba cha baridi. Sasa Bi Milango huyu ndiye aliyewafundisha wageni wote wa kazi, na somo lake lilikuwa hilo hilo: usimfanye huyu mtoto wa yule kwa sababu wamefanana sura. Jiulize kwanza kama anaweza kukaa kila mahali anapokaa mzazi wake bila kumdhuru mtu. Asipoweza, mwandikie kiolezo chake mwenyewe, na yale machache wanayoshirikiana uyaweke pembeni, kila mmoja ayachukue kwa hiari. Wageni waliandika, wakaitikia kwa vichwa. Yeye mwenyewe siku ile alikuwa na haraka. Mlango ni mlango, akasema moyoni. Akaandika: mlango wa chumba cha baridi ni mtoto wa mlango wa ghala. Akaongeza ya mtoto peke yake: kipimo cha ubaridi, kengele ya joto likipanda, taa, na kitufe cha kufungulia kwa ndani.

Kabla hajainuka akafungua ukurasa wa mzazi, akausoma ule mstari wa umeme. Aliuona, tena vizuri. Akajisemea kuwa humu watakuwa wanaingia watu, kwa hiyo hili lazima amkatalie mtoto. Akitoka kula ataliandika. Alipotoka kula, wenye bohari walikuwa wameshafika kuujaribu mlango. Ukafunguka, ukafungika, kengele ikalia ilipotakiwa kulia, watu wakapiga makofi, Profesa akaeleza. Lile jambo likamtoka kichwani kama ambalo halikupata kuingia.

Na huko bohari, ndani ya chumba hicho hicho, alikuwa akifanya kazi shemeji yake. Alikuwa mdogo wa mwisho wa mumewe, na nyumbani walimwita Kitinda. Wote waliishi nyumba moja, nyumba ya mama mkwe, wakigombania bafu asubuhi. Kitinda alikuwa na mdomo. Akishika kikombe chake humuuliza shemejiye mlango wake umeamkaje leo, na shemeji humjibu kuwa umeamka salama na unamsalimia sana.

Jumamosi moja mchana aliingia kupanga maboksi. Umeme ukakatika mtaa mzima. Mlango ukafanya kama alivyofundishwa baba yake. Kitufe cha ndani kilitaka umeme, nao haupo, na hata uliporudi, mlango uliendelea kungoja namba ya siri. Wenzake walidhani ametangulia kuondoka. Nyumbani walidhani yuko kwa rafiki zake, kijana hana mke, nani amlinde? Ukuta wa chumba kile ni mnene, sauti haitoki. Jumatatu walimkuta amekaa sakafuni, mgongo kwenye mlango, koti amelifunga mpaka kifungo cha juu, na vifundo vya vidole vimechubuka.

Polisi waliambiwa kuwa mlango ule hufungwa kwa njia mbili: kwa kompyuta, au kwa ufunguo wa dharura anaotembea nao mlinzi. Mlinzi alisema alipita katika zamu yake, akaukuta umefungwa, hakuugusa. Wakamchukua.

Mama mkwe hakupiga yowe. Alikaa sebuleni, miguu ameinyoosha, na kila aliyeingia kumpa pole alimuuliza swali moja tu: nani aliufunga mlango? Alimuuliza msimamizi wa bohari, akamuuliza askari, akamuuliza hata mke wa mlinzi, ambaye alikuja amejifunika uso na wanawake wengine wakamsogea mbali kama mwenye upele. Mke wa mlinzi akasema mumewe anaapa hakuufunga. Mtu akaguna. Kisha Bi Milango akapita na sinia la vikombe, na mama mkwe akamshika upindo wa nguo.

"Mwanangu, wewe ndiye mwenye kuijua milango. Nani aliufunga?"

Bi Milango akasema maji yanachemka, ngoja aepue. Akaenda jikoni, akasimama mbele ya jiko lililozimwa.

Aliporudi kazini alimkuta Profesa ameshajua. Hakueleza kitu siku hiyo. Alimwambia kwa sauti ya chini aandike kilichosahaulika na kukipeleka kwenye mabohari yote yenye mlango kama ule, kimya kimya. Bi Milango aliandika amesimama, maana kiti alikiogopa. Ulikuwa mstari mmoja, hata pumzi haukujaza: umeme ukikatika, funguka. Akautazama. Huo ndio uzito wote wa Kitinda.

Polisi walipotaka kuona programu, Profesa alichapa ukurasa wa mtoto kama ulivyokuwa siku ya mkasa, bila kubadili hata nukta. Akausogeza mezani, akamwambia Bi Milango asome. Pameandikwa mahali kwamba mlango ujifunge? Hapana. Neno hilo lilikuwa kwa baba, na ukurasa wa baba hakuna aliyeuomba.

"Humu tunafundishana nini kila siku?" Profesa akasema. "Ya ndani yabaki ndani. Wa nje apewe kile alichoomba, basi. Wameomba mlango wa chumba cha baridi. Huo hapo."

Na kweli ndivyo walivyofundishana. Mwenye kutumia kitu asisumbuliwe na matumbo yake. Aonyeshwe pa kubonyeza, yatosha. Bi Milango alikuwa amelisema hilo mara nyingi mbele ya ubao, akilifurahia. Sasa akaenda kunawa uso, akarudi, akaikunja karatasi na kuitia katika bahasha.

Mahakamani walimpandisha kizimbani kama shahidi mwenye utaalamu. Hakimu alikuwa mtu wa haki, hana haraka, amevaa miwani yenye kamba. Akamuuliza kama katika ukurasa ule kuna amri yoyote ya kufunga. Bi Milango akasema hakuna, mheshimiwa. Hakimu akaandika. Akamuuliza kama ukurasa ule umebadilishwa tangu siku ya mkasa. Akasema haukubadilishwa. Hakimu akaandika tena, akamshukuru, akamwambia ashuke. Lile swali la tatu, la ukurasa wa baba, ambalo kila jino lake lilikuwa likilingojea na kuliogopa, hakimu hakuliuliza kwa sababu hakujua kwamba lipo. Mlinzi alimtazama akishuka. Hakumtazama kwa chuki. Alimtazama kama mgeni mjini anayesubiri mtu amwelekeze njia.

Nje, mumewe alimshika bega na kumwambia asante, mke wangu. Alimwambia kuwa tangu Kitinda afe leo ndiyo kwanza amepata pa kuelekeza hasira yake. Angekuwa na uwezo, akasema, angemfungia yule mzee mlinzi ndani ya chumba kile kile. Wiki ile Bi Milango alikonda, chakula kikawa kama mchanga mdomoni, na watu wakamsifu kwa kumpenda shemeji yake.

Hukumu ilipokaribia, mama mkwe akasema anataka kwenda mahabusu. Karatasi waliyosomewa hakuielewa, alisema. Anataka mlinzi amtamkie mwenyewe. Mwanawe akakataa kumpeleka. Mama akamgeukia mkwe wake.

Wakaenda wawili. Chumba cha kuonana na mahabusu kilikuwa kirefu, kimegawanywa na wavu wa waya, na watu wa upande huu walipayuka ili wasikike na wa upande ule. Mtoto wa mtu alikuwa akilia mfululizo. Askari wa zamu alikuwa amevua kiatu kimoja, anajikuna unyayo. Mlinzi akaletwa. Shati lilikuwa lake lakini shingo haikuwa yake tena. Kola ilizunguka kama pete kwenye kijiti.

Mama mkwe akashika wavu. Akamuuliza bila kupandisha sauti, naye akainama ili amsikie. Alianza na yale yale, kwamba alipita, akakuta pamefungwa. Halafu akaitazama mikono yake.

"Lakini mama, nimelifikiria sana humu," akasema. "Wenye kujua wamesoma, wakasema mashine haikufunga. Mimi nafunga milango mingi, tena mkono unakwenda wenyewe siutazami. Labda nilipita nikauzungusha ufunguo kama nilivyozoea. Sikumbuki. Lakini kama si mashine, basi ni mimi. Nisamehe mama. Nimemuua mwanao."

Mtu aliingia humu akijua hana kosa, na sasa ameshalibeba, amelipangia na mahali pa kukaa.

Mama mkwe alifumba macho. Mabega yake yakashuka, na pumzi ikamtoka ndefu, pumzi aliyokuwa ameishikilia tangu Jumatatu ile. Alilia kidogo, kilio laini, cha mtu aliyeruhusiwa kulala. Bi Milango alimtazama na kuona kwamba mambo yote yamejipanga. Mama amepata aliyekuwa akimtafuta. Mume anaye wa kumchukia. Profesa ana karatasi yake safi. Hata mlinzi mwenyewe amekubali. Haikubaki kazi yoyote ila kunyamaza, na kunyamaza alikuwa ameshakuzoea. Ilikuwa kama kuteremka ngazi za ofisini.

Askari akavaa kiatu, akasema muda umekwisha. Mlinzi akageuka polepole, akaanza kwenda na wenzake.

Mama mkwe akajifuta uso kwa upindo, akamshika mkwe wake mkono ili ainuke.

"Twende, mwanangu. Nimeshamjua aliyeufunga."

Bi Milango hakwenda. Mkono wa mama ulikuwa mwepesi katika mkono wake, na wenye joto.

"Hujamjua, Mama," akasema, kwa sauti iliyomfanya mlinzi asimame upande wa pili wa wavu. "Si yeye. Ulijifunga wenyewe umeme ulipokatika, kwa sababu mimi niliufanya mtoto wa mlango unaojifunga. Neno lenyewe halimo katika ile karatasi. Limo kwa baba yake, na nilijua limo. Nililiona siku ninaandika, kabla Kitinda hajauingia. Ni mimi, Mama."