Nilivyowafundisha Wataalamu wa Spika Masasi

Haya yote ni kweli tupu. Kama nimeongeza hata chembe, mikorosho yangu ya Chilangala isitoe ua msimu huu.

Tangu nilipostaafu kuendesha greda, hapa Mkunya hapajafanyika harusi, maulidi wala kipaimara bila honi zangu za matangazo. Ufundi nilijifundisha mwenyewe, kwa kufungua redio mbovu na kupigwa shoti. Honi nazitundika juu kabisa ya mkorosho, mimi nasimama chini na kipaza sauti, na watu ng'ambo ya Ruvuma wanaitikia Amina.

Sasa jubilei ya kanisa ikakaribia. Kamati, chini ya mwalimu mstaafu Marko, ikaamua kwamba safari hii vyombo vya sauti atashika mtu aliyepitia mafunzo. Tulioitaka kazi ile tulikuwa wawili: mimi, na Cecilia, Mama Huruma wa Mnyambe, mwenye spika nyeusi zinazowakawaka taa kama kibanda cha kuuzia simu. Yeye ni Mmakua wa Masasi aliyeolewa huku, kwa hiyo kwetu Wamakonde ni mtani, na mdomo anao.

Tukateremka Masasi. Ukumbini palikuwa na bango: Mkutano na Mafunzo ya Wataalamu wa Teknolojia ya Sauti na Picha. Jina lilivyokuwa refu, lilikunja kona ya ukuta. Mwezeshaji, kijana mmoja aitwaye Charles kutoka Dar es Salaam, alikuwa amening'iniza kitambulisho shingoni kama mbuzi wa maonyesho.

"Wataalamu wenzangu," akasema, "leo tujiulize, sauti ni nini?"

Watu wazima tumeacha mashamba, tunaulizwa sauti ni nini. Na wenzangu wakaandika. Kisha akawasha projekta. Jua la Masasi limejaa madirishani, mapazia hakuna, ukutani haonekani hata nzi. Akatuomba tuivute ile picha akilini. Nikamnong'oneza Cecilia kwamba sinema ya namna hiyo hata mimi naweza kuionyesha, tena bila umeme.

"Nyamaza usikilize, Baba Filemoni," akanijibu. "Wewe unajua greda tu."

Baada ya wali kuku yakaja mazoezi. Charles akashika kipaza sauti, spika zikapiga yowe. Yowe lenyewe, mbwa wa Masasi walikimbilia Nachingwea. Charles akabonyeza hiki, akazungusha kile, jasho linamtiririka. Nikainuka polepole. "Mwanangu, kaa pembeni." Nikaisukuma spika moja kwa mguu, kwa mguu tu, ukumbi ukatulia kama kanisa Ijumaa Kuu. Charles akaomba nimpokee awe mwanafunzi wangu. Wakaniletea cheti, nikakikataa. Mwanafunzi atampaje mwalimu wake cheti?

Hivi ndivyo nilivyoieleza kamati Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Marko aliponiuliza cheti kiko wapi. Nao walishaanza kulainika. Marko alikuwa anasema, "Basi, kama wataalamu wenyewe wamekubali," nikasikia sauti mlangoni.

"Shikamoo, Baba Filemoni." Ni Cecilia.

"Marahaba, mama."

"Huo mguu uliosukumia spika ni wa kulia au wa kushoto?"

"Wa kulia."

"Ngoja tuutazame."

Siku ile ya mazoezi kila mshiriki alipewa la kufanya, na yeye alipewa kamera. Jambo hilo sikulitaja kwa sababu halikuwa na maana. Sasa Cecilia akafunga madirisha, akaziba mwanga kwa blanketi, akawasha projekta yake, na picha ikatoka safi. Nalisema hili kwa uchungu.

Ukutani nikaonekana mimi, kipaza sauti mkononi, nimesimama mbele kabisa ya spika iliyowekwa sakafuni. "Alo, alo." Spika inapiga yowe, nami nazidi kuisogelea niikemee. Honi ikiwa juu ya mkorosho unasimama popote upendapo. Nani angejua kwamba spika ya chini haitaki kutazamwa usoni? Charles akanishika mkono taratibu, akanirudisha nyuma, yowe likakatika. Halafu nikaonekana natoka ukumbini nimenuna, nimebeba sahani ya kuku, vyeti bado havijagawiwa.

"Siku hizi picha zinatengenezwa na kompyuta," nikasema.

"Na kuku naye katengenezwa?" Marko akauliza.

Hapo hata mtunza hazina wa kamati, mtu asiyecheka hata harusini, akacheka mpaka akaegemea meza. Kazi akapewa Cecilia pale pale. Na utani una sheria zake: mtani akikunasa na uongo mbele za watu, anakutoza, na kununa ni mwiko. Nilitegemea ataomba jogoo, nikatangulia kumtajia.

"Jogoo nitampeleka wapi?" akasema. "Siku ya jubilei utanibebea spika."

Spika nyeusi ni nzito, nyie, semina haikuambii. Nilizishusha kwenye pikapu mbele ya watu wale wale niliowatangazia harusi zao. Fatu, ambaye ndoa yake niliitangaza mpaka koo likakauka, akanisogelea.

"Shikamoo, babu. Leo hatukusikii?"

"Leo babu ni wa mizigo," Cecilia akamjibu kabla sijapumua. Kisha akanigeukia. "Isogeze mbele, mtani. Spika itangulie, kipaza sauti kibaki nyuma. Mbele tena."

Nikaisogeza, nikaenda kuchukua ya pili.