Sifuri za Kando ya Mto

Foleni ya malalamiko ya mafuriko ilikuwa imeshafika kwenye ngazi za manispaa. Dindo, mchora ramani wa mkataba wa miezi sita, alikuwa akibofya nyumba moja moja kwenye ramani ya kompyuta. Kijani. Kijani. Mtaa mzima wa kando ya mto ulikuwa kijani, yaani salama, yaani hakuna mabati ya msaada.

Sababu aliijua tangu jana. Yeye ndiye aliyeandika ile mistari ya maelekezo ya kompyuta, kwa lugha ya Python: kina cha maji kikizidi nusu mita, jaza "imeathirika", kisipozidi, jaza "salama". Nyumba zisizo na kipimo zilikuwa zinaikwamisha programu, naye kwa haraka zake akazipa sifuri. Kumbe hazikupimwa kwa sababu mkondo ulikuwa mkali na maji yamefunika madirisha, boti ya wapimaji ikashindwa kufika.

Asubuhi alimwomba mkuu wake ruhusa ya kurekebisha. "Ni mistari miwili tu, bosi."

"Meya ameshaisaini ramani. Nikamwambie nini, kwamba tumelala? Na mkataba wako si unaisha Ijumaa?"

Sasa aliyesimama mbele yake ni Aling Pacing, mama anayeuza keki za mchele getini.

"Mwanangu, eti kwangu maji hayakuingia?"

"Ndivyo kompyuta inavyosema, mama."

"Mbona tulikaa juu ya paa siku mbili, mimi na wajukuu. Lakini mashine haina chuki na mtu. Labda kosa letu, tungewapungia mkono wale wa boti. Samahani nakusumbua, una kazi nyingi."

Aibu ilimpanda Dindo mpaka masikioni. Mama angemtukana, ingekuwa nafuu.

"Basi niandikie hayo inayoyasema kompyuta," aliendelea mama, "wanangu wasidhani sikuja."

Dindo alichukua karatasi. Akaandika: *Nyumba hii haikupimwa. Sifuri niliiweka mimi.*

Aling Pacing aliisoma taratibu, kidole kikifuata maneno. Alipomaliza hakumtazama usoni.

"Hujasaini," alisema. "Bila sahihi, watu wa mabati watanirudisha."

Mlango wa mkuu ulikuwa wazi. Dindo aliutazama, kisha akaitazama kalamu yake.

"Imeisha wino, mama."

Aling Pacing alifungua kipochi chake, akapekua katikati ya noti zilizokunjwa na dawa za presha, akatoa kalamu na kuiweka juu ya karatasi.

"Hii inaandika," alisema.

Dindo akasaini, jina lake lote.