Posa ya Gereji

Jumamosi, tarehe 12 Januari, 1985. Asubuhi hiyo Tooting, London kusini, iliamka na theluji ya kufika kwenye vifundo vya miguu, upepo umelala, na mbingu ina rangi ya maji yaliyooshewa masufuria.

Telesphor alitoka nje amevaa koti juu ya nguo za kulalia, fagio mkono mmoja, rozari mkono wa pili. Gari lake halikuonekana. Pale alipoliacha jana palikuwa na kilima cheupe, na juu ya kilima amekaa paka.

"Salamu Maria," alianza, akamfukuza paka kwa fagio, "umejaa neema."

Lilikuwa gari dogo jekundu, viti viwili mbele na kibenchi nyuma, na paa lake lilikuwa turubai jeusi la kukunja. Alilinunua mwezi wa Julai, siku ambayo jua liliwaka hata Waingereza wakavua mashati. Muuzaji alilikunja paa, akamzungusha mitaa miwili. Telesphor akasikia kichwani upepo ambao mara ya mwisho aliusikia akiwa kijana, amekalia magunia ya kahawa juu ya lori la ushirika, Bukoba. Hakuuliza tena neno. Hakuuliza hata litalala wapi, maana nyumba yake haikuwa na gereji, na barabara ya London haimwonei huruma mwenye paa la kitambaa.

Mvua za Oktoba zikalinywesha turubai maji. Desemba maji yakawa barafu, nyuzi zikaanza kuachia. Alilifunika kwa nailoni, upepo ukaichukua nailoni ukaitundika kwenye uzio wa shule. Alilifunika kwa blanketi, asubuhi blanketi likasimama lenyewe kama ubao wa meza.

Sasa alifagia theluji, akafungua mlango. Mkewe Eufrasia, muuguzi, alikuwa anasubiri kupelekwa zamu yake hospitalini. Aliinamisha kichwa ndani, akakitoa taratibu.

"Baba Justin."

"Naam."

"Njoo uone shamba lako."

Chini ya kiti cha abiria, pembeni ya zulia, ulikuwa umechipua uyoga. Mmoja tu, umesimama wima, hauna wasiwasi.

"Si mkubwa," alisema Telesphor.

"Sikuuliza ukubwa. Leo uyoga, kesho utaniambia nije na jembe."

"Jambo hili nalisalia, Mama Justin."

"Sali. Na mimi nitasali. Lakini nikirudi jioni nikakuta gari hili halijapata pa kulala, nampigia Balbir wa Croydon, yule mnunuzi wa magari mabovu. Alishasema atakuja kulichukua hata kesho." Akajifunga skafu. "Napanda basi. Basi lina paa."

Telesphor alibaki amesimama, fagio mkononi. Alimjua mkewe. Alikuwa hatishii, alikuwa anatoa taarifa.

Macho yake yakaenda kwenye nyumba ya jirani, kwenye mlango wa kijani wa gereji ya Mzee Chandrakant. Mzee huyo alikuwa na duka la nguo Bukoba, akaja London mwaka 1971. Hakuwa na gari, wala hakupata kuwa nalo. Gereji yake ilijaa masanduku ya bati, rafu za duka, mizani, na majora ya vitambaa, vyote vimefungwa kamba tayari kwa safari ya kurudi. Miaka yote hiyo Telesphor na mzee huyo walisalimiana kwa Kiswahili juu ya uzio, wakapeana ndizi na achari. Lakini kuomba gereji? Kwao jambo kubwa mtu haendi kuliomba kwa mdomo wake. Akinyimwa uso kwa uso, ujirani umekufa. Jambo kubwa lina mshenga.

Akaenda kwa Mahmood.

Mahmood alikuwa mtu wa Tanga, dereva wa basi, na nusu ya Waswahili wa London kusini walikuwa wameposewa na yeye. Alimsikiliza Telesphor mpaka mwisho huku akipaka siagi mkate.

"Ngoja nielewe. Mwari ni nani? Gari au gereji?"

"Gereji. Gari ndiye bwana harusi."

"Bwana harusi hana nyumba, analala barabarani, ana uyoga." Mahmood aliuma mkate. "Nimewahi kuposea wabaya zaidi. Kuna kitu mkononi? Siendi mikono mitupu."

Telesphor alitoa mfukoni kifuko kidogo cha majani makavu ya mgomba. Ndani mlikuwa na buni za kutafuna, zile ambazo Wahaya humpa mgeni wa heshima. Dada yake alimletea.

"Hii inatosha," alisema Mahmood. "Utakuja nami, lakini wewe ni msindikizaji. Hufungui mdomo."

Sebule ya Mzee Chandrakant ilikuwa na joto la hita na harufu ya bizari. Mkewe, Mama Sushila, alikaa dirishani, magoti yamefungwa shali, kwa sababu magoti hayo yalikuwa yamekataa ngazi na baridi tangu masika yaliyopita. Mahmood aliwajulia hali, akauliza habari za watoto na wajukuu, akanywa chai hadi nusu ya kikombe, kisha akaweka kifuko mezani.

"Mzee wangu, sisi ni wapita njia. Tumeona uani kwako kuna mwari, tukasema tubishe hodi."

Chandrakant alikiona kifuko. Akavua miwani, akaivaa tena. Miaka ishirini ya kuuza nguo za harusi Bukoba haikumpita bure.

"Binti yangu Jaya ameolewa Leicester," alisema polepole. "Mnamtaka nani?"

"Yule wa nje. Mwenye mlango wa kijani."

Telesphor aliangalia zulia kana kwamba limeandikwa sala.

"Huyo?" Mzee alikohoa. "Huyo hayuko tayari. Ana mizigo."

"Ana mimba ya masanduku," alisema Mama Sushila kutoka dirishani. "Mwaka wa kumi na nne huu, na hajazaa."

"Vile ni vitu vya safari, Sushila."

"Najua. Nilivifunga mimi." Sauti yake haikuwa na ukali. "Safari ni lini, Baba Jaya?"

Mzee alikoroga chai yake. Nje theluji iliporomoka kutoka kwenye paa. Telesphor alianza Baba Yetu moyoni.

"Haiwezekani, bhai," alisema Chandrakant hatimaye. "Msinichukie."

Mahmood aliinua kikombe kama mtu anayejiandaa kuaga. Lakini Mama Sushila aligeuza kiti chake.

"Mwari ana mama. Mama hajaulizwa."

"Kosa langu, mama yangu," Mahmood alikirudisha kikombe. "Uliza."

"Bwana harusi tabia yake?"

"Mpole. Mwekundu. Hanywi sana petroli."

"Anakohoa?"

"Asubuhi kidogo."

"Na kichwa chake kile cha kukunja, anakikunja lini? Maana mimi nakaa hapa tangu alipokuja, na nimemwona kichwa wazi labda siku mbili. Mtu amenunua gari la kuona mbingu, akalifunga kama chungu cha dawa." Akanyoosha kidole. "Mahari yangu hii. Kila Jumapili akitoka kanisani, aniweke kiti cha mbele, paa wazi, anitembeze."

"Mama, sasa ni Januari," Telesphor alisema kabla hajajizuia.

"Nani amesema?" Mahmood alitazama huku na huku. "Nimesikia msindikizaji akisema?"

"Nina shali nne," alisema Mama Sushila. "Mara ya mwisho upepo kunipiga uso ilikuwa nyuma ya pikipiki ya huyu mzee, barabara ya ziwani. Aliendesha vibaya sana. Nilifurahi."

Chandrakant aliinama, akashughulika na kamba ya kiatu isiyokuwa na tatizo. Alipoinuka, masikio yake yalikuwa mekundu.

"Masanduku yatakwenda wapi?"

"Chumba cha Jaya. Yalale ndani, nayo yamechoka na baridi."

Mzee akafikiri. Kisha akamgeukia Mahmood, si Telesphor, kama desturi inavyotaka.

"Muulize mtu wako. Kile kibenchi cha nyuma, kinabeba mzee?"

Mama Sushila hakungoja jibu. Alifungua kifuko, akachukua buni moja, akaitafuna, akampa mumewe nyingine. Naye akatafuna.

Eufrasia aliporudi alimkuta mumewe na Mahmood wamebeba sanduku la bati kwenye theluji, Mzee Chandrakant akiwatangulia na mizani kifuani kama mtoto mchanga, na Mama Sushila amesimama mlangoni ndani ya shali nne, akiwaelekeza. Mlango wa kijani ulikuwa wazi. Gari jekundu lilikuwa limekwisha kuingia nusu.

"Baba Justin. Nimpigie Balbir, au nisimpigie?"

"Ngoja kwanza, mwanangu," alisema Mama Sushila. "Bado kuna neno moja. Mshenga huposa, lakini haapi. Mwenye gari aseme mwenyewe, nyote msikie."

Telesphor aliweka sanduku chini. Akavua kofia, akafanya ishara ya msalaba, na theluji ikaanza kumtua kwenye upara.

"Mimi Telesphor, mbele ya Mungu, na mbele yako Mahmood, na Mzee Chandrakant, na mke wangu Eufrasia, naahidi: kila Jumapili baada ya Misa Mama Sushila atakaa kiti cha mbele, na paa nitalikunja mpaka mwisho, liwe jua, iwe theluji kama hii."

"Na mimi nitakaa wapi?" aliuliza Eufrasia.

"Nyuma, na Mzee. Utashika mwavuli."

"Na uyoga?"

"Na uyoga," alisema Telesphor kwa sauti, ili wote wasikie, "nitaung'oa leo hii, kabla ya rozari ya jioni."