Sanduku la Kaka

Kaka yangu mkubwa huitwa Injinia na kila mtu, na jina hilo hakulipata chuoni. Alilipata utotoni, siku alipoifungua redio ya Baba mpaka skrubu ya mwisho. Redio haikuimba tena, lakini jina lilibaki, na yeye hakuwahi kulikataa. Nasema haya mapema ili ieleweke kwamba nilikuwa namjua. Sikudanganywa na mgeni.

Kabla hajaugua, Baba alitununulia vitu viwili ili tufanye pamoja kazi ya kutengeneza katuni: laptopu, na sanduku la chuma lenye kadi ya picha ndani yake, linalounganishwa na laptopu kwa waya mfupi mnene. Laptopu yenyewe ilikuwa dhaifu, na tulijua hivyo tangu dukani. Nguvu zote zilikuwa kwenye sanduku. Sisi tulichora, kisha tukaliachia sanduku lile ligeuze michoro iwe picha zinazotembea. Mimi na kaka tuliiita kazi hiyo kupika.

Baba alipofariki tukagombana, ugomvi usio na kichwa wala miguu, nani mkubwa na nani amfuate nani. Akaitwa Shangazi aje agawe. Shangazi ni mtu wa haki, na haki kwake ni kila mtu kuondoka na kitu mkononi. Akavitazama vile vitu viwili mezani, akasema, "Huyu hiki, huyu kile, yaishe." Nikamweleza kwamba hiyo ni sawa na kumpa mmoja kinu na mwingine mchi. Akanijibu kwamba mwenye mchi atamwazima mwenye kinu. Kaka aling'ang'ania sanduku. Alilikumbatia palepale sebuleni akaondoka nalo, na tangu siku hiyo hatukusemeshana.

Mimi nikabaki na laptopu inayoweza kuandika barua. Nikapata kibarua kwenye duka la fotokopi, kutwa natoa nakala za vyeti vya watu wengine, jioni nachora. Mwaka ulipita hivyo. Halafu mhariri wa kipindi cha watoto cha televisheni akaona michoro yangu, akaniita. Walikuwa wanatafuta mtu mmoja wa kumwajiri. Akanipa mtihani: katuni ya dakika moja, mbuzi anayefundisha herufi, imfikie Ijumaa kabla ya saa kumi na moja jioni.

"Saa kumi na moja naingia kikaoni na zilizofika," alisema. "Ambayo haijafika, haijafika."

Yule mbuzi nilimchora nikampenda. Alikuwa na ndevu za mwalimu mkuu na macho ya mtu aliyekatishwa usingizi, na kila unywele wake ulisogea peke yake. Lakini kumpika kwa laptopu tupu kungechukua wiki nzima. Kwa sanduku, saa tatu tu. Basi nikameza kiburi changu, nikamwambia Mama.

Jumatatu Mama alimpigia kaka simu nikiwa nimesimama pale. "Mletee mdogo wako sanduku. Sikuombi, nakwambia." Kaka akasema atalileta mwenyewe Ijumaa asubuhi, na atakaa na mimi mpaka kazi iishe. Mama aliweka simu chini huku anatabasamu peke yake. "Ndugu wakipatana, chukua kapu ukavune," akasema. Nami nikajiona mbaya kwa yote niliyokuwa nimemwazia kaka yangu.

Ijumaa alifika mapema kweli, sanduku limefungwa ndani ya taulo. Tukakaa meza moja. Mama akapata sababu ya kufagia sebule iliyokwisha kufagiliwa, halafu akapata sababu ya kupanga viti. Kaka akachomeka waya, mimi nikabonyeza kitufe cha kuwasha. Nembo ikatokea kwenye kioo, duara dogo likaanza kuzunguka, kisha kioo kikawa cheusi. Feni ya sanduku ilikuwa inavuma na taa yake ya kijani inawaka vizuri. Kioo hakikurudi.

"Zima, washa tena," akasema kaka.

Nikazima, nikawasha. Nembo, duara, giza. Nikachomoa sanduku, nikawasha laptopu peke yake: ikaamka bila tabu yoyote, na mbuzi wangu akanikodolea macho. Nikachomeka sanduku, nikaanza upya: giza.

"Ni hiyo laptopu yako," akasema kaka. "Imezeeka."

"Bila sanduku mbona inawaka?"

"Inawaka kwa sababu haina kazi. Ukiipa mzigo inaanguka. Kama ulivyokuwa wewe utotoni na ndoo ya maji."

Nilicheka. Tangu tugombane sikuwa nimecheka naye, na Mama kule jikoni alisikia, maana na yeye alicheka bila kujua tunachekea nini.

Tukaanza kutafuta ugonjwa. Nikahamisha waya kwenye tundu la pili. Giza. Nikajaribu kuliwasha sanduku baada ya nembo kupita, maana zipo kompyuta zinazopaniki zikikuta kadi mbili za picha kwa pamoja, ya kwao ya ndani na ya mgeni. Safari hii laptopu iliamka mpaka mbuzi wangu akaonekana kwenye kioo, nikashangilia moyoni, kisha nilipoliwasha sanduku kila kitu kikaganda, hata mshale wa kipanya. Nikaingia kwenye mipangilio ya ndani, ile inayofunguka kabla kompyuta haijaamka, nikaizima kadi ya ndani ili ya sanduku ibaki peke yake. Giza. Nikarudisha mipangilio yote kama ilivyotoka kiwandani. Nikachomoa umeme, nikashikilia kitufe mpaka chaji iliyojificha ikaisha. Giza lilelile.

Na muda wote huo kaka yuko pembeni yangu. Anashika tochi. Anapuliza vumbi kwenye matundu. "Jaribu tena, labda hukuisukuma vizuri." "Subiri ipoe kwanza." "Sasa rudia ile ya pili." Kila aliposema nilirudia, na kila niliporudia muda ulikwenda. Nilikuwa natwanga maji kwenye kinu, na aliyekuwa ananimiminia maji hayo ni yeye.

Adhuhuri simu yangu ikalia. Alikuwa Msumari, rafiki yangu wa shule, tunamwita hivyo kwa wembamba wake. Ana studio ndogo mtaa wa pili, na asubuhi nilikuwa nimemwandikia nikilalamika.

"Njoo na mbuzi wako upikie hapa," akasema. "Mashine yangu ina nguvu na leo sina mteja. Ukija sasa hivi unawahi."

Nilikuwa nimeshasimama. Nilikuwa nimeshalishika begi. Kaka akanishika mkono, akatikisa kichwa, akasema kwa sauti ya chini, "Tuko karibu, mdogo wangu. Nimeshajua tatizo liko wapi. Na kazi haipelekwi kwenye mashine ya mtu siku ya mtihani, kesho utaikuta kwa mwingine." Halafu akaongeza, "Mama atajisikiaje ukiniacha hapa na sanduku mezani?"

Nikamwambia Msumari asante, tunamalizia hapa hapa. Hilo nalijutia mpaka leo, na silijutii kwa sababu nilikuwa mjinga. Nalijutia kwa sababu nilikuwa na furaha. Nilifurahi kwamba kaka yangu anataka tuimalize pamoja.

Tulirudi mezani. Lile tatizo alilosema ameshalijua likawa waya. Akaenda kununua waya mwingine, akakaa huko weee, akarudi na waya usioingia. Akaenda kuubadilisha. Nilipoona saa tisa imepita nikapata akili, iliyochelewa lakini ilikuja. Nilikuwa nimechunguza laptopu yote, ndani nje, na sanduku lenyewe sikuwa nimeligusa zaidi ya kulichomeka. Kila nilipolikaribia kaka alikuwa na neno. Nikachukua bisibisi.

Aliingia mlangoni na waya mkononi akanikuta nimetoa skrubu mbili.

"Usilifungue hilo. Lina umeme uliobaki ndani, litakurusha."

"Nimelichomoa tangu saa nane."

"Nakwambia acha. Utaliharibu, halafu tulaumiane tena."

Ningekuwa na moyo mwepesi ningeacha. Lakini sauti yake haikuwa ya mtu anayeogopea sanduku. Nikatoa skrubu ya tatu na ya nne, kifuniko kikavutika, na harufu ya plastiki iliyoungua ikanipanda puani, harufu ya zamani, iliyolala. Kadi ilikuwa palepale mahali pake. Upande mmoja ulikuwa mweusi. Feni yake moja ilikuwa imeyeyuka ikashikana na kifuniko chake. Ile iliyokuwa ikivuma kutwa ni ya sanduku, sio ya kadi. Na katikati ya weusi ule palikuwa na madoa ya risasi mpya ya kulehemu, yanang'aa. Fundi fulani alikuwa amejaribu kuitibu akashindwa.

Kuhakikisha, niliing'oa kadi, nikalichomeka sanduku likiwa tupu, nikawasha. Nembo, duara, na laptopu ikaamka kama asubuhi njema. Laptopu yangu haikuwa na ugonjwa wowote. Ilikuwa inazimia kila ilipojaribu kuzungumza na maiti.

"Tangu lini?" nikauliza.

Kaka alikaa kwenye kiti cha mlangoni, sio kile cha pembeni yangu.

"Baba alikuwa anaumwa," akasema. "Sanduku lilikuwa linapiga kelele, hapati usingizi. Nililifunika blanketi ili alale. Nikasahau kwamba linapika."

"Kabla ya mgawanyo?"

"Kabla."

Kwa hiyo pale sebuleni, alipolikumbatia mbele ya Shangazi, alijua amekumbatia chuma kilichokufa. Alilipigania ili mimi nisiligundue. Na hilo, naapa, ningelisamehe palepale. Nani asingelisamehe blanketi la mtu anayetaka baba yake alale? Ningelia naye siku ile ile na ugomvi wote ungeisha. Hata kwenye simu ya Mama angesema neno moja tu, kwamba limeharibika, na mimi ningekwenda kwa Msumari siku nne kabla. Mficha uchi hazai, wanasema. Huyu alificha wake, na asiyezaa nikawa mimi.

"Na Msumari alipopiga?" nikamwuliza. "Kwa nini hukuniacha niende?"

"Ungekwenda ungeacha sanduku hapa. Ungerudi ungelifungua."

"Kwa hiyo bora nikose kazi."

"Nilidhani labda litawaka," akasema. "Kila ulipobonyeza nilidhani safari hii litawaka."

Nadhani hapo alisema kweli. Ndilo lililoniuma kuliko uongo wote. Mtu mzima alikaa kutwa nzima ananipotezea siku, akitumaini muujiza umwokoe na aibu, na maisha yangu akayaweka dau.

Saa kumi na nusu niliandika ujumbe kwa mhariri. Nikamwomba aniongeze mpaka kesho. Akajibu upesi na kwa adabu: alisikitika, wengine wawili walikuwa wameshaleta, na bila shaka tungewasiliana siku nyingine. Nilimwonyesha kaka simu. Alisoma, akanirudishia.

Mama akaingia na chai. Vikombe vitatu kwenye sinia moja, kitu ambacho hakijatokea nyumbani kwetu tangu msiba. Akaitazama meza, skrubu, kile kipande cheusi ambacho yeye hakijui ni nini.

"Mbuzi ametoka?" akauliza.

"Hakutoka, Mama," nikasema.

"Kimeharibika nini?"

Nilikuwa na jibu mdomoni. Nilikuwa nalo lote, kuanzia blanketi. Lakini nilimtazama kaka, nikanyamaza, makusudi. Nilimpa nafasi aseme mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya mama yake. Nilijiambia kwamba akisema, hata nusu, hata kwa kuzungukazunguka, kazi imepotea lakini ndugu ninaye.

"Laptopu yake, Mama," akasema kaka. "Imechoka ile. Nimehangaika nayo tangu asubuhi, nimeshindwa."

Alisema kwa macho makavu. Mama akaweka sinia, akanishika bega. "Pole mwanangu. Nafasi zipo nyingine, usilie." Sikuwa nalia. "Lakini mshukuru kaka yako. Ameacha shughuli zake zote kwa ajili yako."

Mama alikuwa anatutazama sote wawili kwa zamu, na uso wake ulikuwa umejaa furaha ya kutuona meza moja. Ningeweza kuuvunja kwa sentensi moja. Kaka alijua ningeweza, na alijua pia kwamba sitafanya hivyo. Ndiyo maana alithubutu.

"Ahsante, kaka," nikasema.

"Usijali, mdogo wangu," akaitikia, akavuta kikombe, akaweka sukari.