Shahidi wa Delmar

Ofisi ya mafao ya askari wastaafu ilimkatalia Delmar Tackett mara mbili. Kwamba anaumwa, hilo walilikubali: hapati usingizi, anatetemeka, na kazi ya machimboni ilimponyoka siku alipomkaba msimamizi aliyemjia kwa nyuma. Walichotaka ni mtu wa kuwaapia kwamba ugonjwa huo aliutoa vitani, jangwani, mwaka tisini na moja, si kwenye chupa za pombe za hapa Kentucky.

Mtu huyo alikuwa mmoja tu aliyebaki hai, Royce Compton, mwenyekiti wa ukumbi wa askari wastaafu. Ijumaa hiyo alikuwa ukumbini anakula samaki wa kukaanga kama Ijumaa zote. Wanda, mama anayewaandikia wenzake rufaa bila malipo, akaisogeza sahani yake kando na kumwekea fomu.

"Haya, mwenyekiti. Wewe ulikuwepo. Andika ulichokiona, usinipe hotuba."

"Na samaki wangu je?"

"Samaki kashakufa, hakimbii. Delmar ndiye anatufia."

Watu wakacheka. Royce naye akacheka, lakini kalamu ilikuwa nzito mkononi.

Alichokiona alikijua vizuri mno. Mchana ule, kule jangwani, Delmar aliliegesha lori lao kwenye mteremko wa mchanga, akafunga breki, akaenda kujilaza. Baadaye Royce akalisogeza hatua chache ili apate kivuli, akashuka bila kufunga breki. Chini ya mteremko alikuwa amelala mwenzao, Pruitt. Lori likateremka lenyewe. Walipomtoa Pruitt chini ya magurudumu, tayari amekufa, Delmar alikuwa akiuliza kila mtu, "Nilifunga breki? Mimi nilifunga?" Royce alisimama palepale na hakufungua mdomo. Tangu siku hiyo Delmar amekuwa akijijibu mwenyewe kwamba hakufunga.

Angekuwa na haya hata kidogo, Royce angeandika ukweli kwa mistari minne. Ungemtosha Delmar kwa rufaa, na ungemtua mzigo wa miaka ishirini na mitano. Lakini huyu ndiye anayebeba bendera kwenye gwaride la kuwakumbuka waliokufa vitani kila Mei, na mama yake Pruitt humshika mkono. Basi akaandika kwamba Tackett alisahau breki, kwamba yeye alimwona kwa macho yake akiteremka na kuiacha wazi, na kwamba tangu hapo Tackett hakuwa mtu yule tena. Moyoni akajiambia anamsaidia rafiki. Woga mtupu.

Wanda akasoma, machozi yakamlengalenga. "Hii inapita," akasema.

Ikapita. Baada ya miezi minane Delmar aliingia ukumbini na barua ya ushindi, kanyoa ndevu, shati limepigwa pasi. Wanaume wakampigia meza kwa viganja. Akaenda moja kwa moja kuketi karibu na Royce.

"Umeniokoa, kaka."

"Acha hizo bwana. Hata wewe ungenifanyia."

"Kuna jambo nataka kukuuliza." Delmar akashusha sauti. "Daktari wangu anasema huenda hatia hii nimejitungia tu. Labda breki niliifunga. Na kweli kuna siku naikumbuka kabisa, naisikia inavyokaza mkononi. Nikamwambia, ngoja nimuulize Royce, huyo hawezi kunidanganya. Rufaa tumeshashinda, usiogope kuniharibia. Niambie tu, ndugu yangu. Uliniona kweli nikiiacha wazi?"

Royce akafuta mafuta ya samaki vidoleni, kimoja kimoja.

"Nilikuona, Delmar."

Delmar akaitikia kwa kichwa, mara mbili, mara tatu.

"Asante," akasema. "Angalau wewe hujanificha."