Kinyozi na Ng'ombe Aitwaye Madamu

Kinyozi alipostaafu aliacha kiti, kioo na wateja, lakini mdomo aliondoka nao. Miaka arobaini alinyoa kwa mashine ya mkono, ile ya kubana na kuachia, na kila alipobana, ulimi nao ulikwenda. Mkono ukisimama, hadithi inasimama. Wateja walilijua hilo. Aliyetaka kunyolewa vizuri alimuuliza swali refu.

Sasa alikuwa hana kichwa cha kunyoa, akabaki na simu. Kila Jumapili alimpigia mdogo wake wa kike, aliyeolewa mji wa pwani, na simu ni kitu kibaya kwa mtu wa aina yake maana hakuna anayekutazama machoni. Jumapili moja dada alilalamika kwamba amechoka kumkamua ng'ombe wake peke yake kule shambani. Kinyozi akadakia:

"Mdogo wangu, kukamua ni kazi? Mimi kabla sijashika mashine ya kunyolea nilikuwa mkamuaji shamba la tajiri mmoja. Ng'ombe thelathini kabla ya chai! Wewe ulikuwa bado unanyonya kidole."

"Kumbe!" dada akasema.

Kinyozi akalala usingizi mtamu siku hiyo.

Miezi miwili baadaye akafunga safari kwenda kuwasalimu, maana walikuwa hawajaonana miaka sita. Nyumba ya dada ilikuwa ghorofani, juu ya karakana ya mumewe anayeshona maturubai. Chumvi ya bahari ilikuwa imekula bawaba zote za mtaa ule, na kila mlango ulilia ukifunguliwa. Mlango wa dada ulilia kuliko yote. Ndani akamkuta dada kwenye kochi, mkono wa kulia umefungwa plasta hadi kwenye kiwiko.

"Haya tena! Umepigana na nani?"

"Na ngazi, kaka. Jana asubuhi, nimetoka kukamua, napandisha mashuka ya kitanda chako. Nimeteleza nikashuka zote kwa makalio. Lakini Mungu amekuleta."

"Mungu na basi la alfajiri."

"Usinichekeshe, mbavu zinauma. Sikiliza. Madamu hajakamuliwa tangu jana ile ile. Jirani kajaribu, kapigwa teke. Shemeji yako kajaribu, kanyimwa hata tone. Daktari wa mifugo anasema ikipita saa sita mchana leo, kiwele kitaharibika, na huenda asitoe maziwa tena maisha yake. Nikawaambia, tulieni, kaka yangu yuko njiani. Thelathini kabla ya chai!"

Kinyozi akatazama saa ya ukutani. Saa tatu na nusu. Hapo ndipo palikuwa pa kusema ukweli, na alijua. Akafungua mdomo ili auseme, na mdomo ule, uliozoea kujiendea wenyewe, ukasema:

"Ng'ombe mmoja tu?"

Shemeji akampeleka kwa pikapu, katikati ya marobota ya turubai. Shemeji alikuwa mtu wa maneno machache. Maisha yake yote alishona huku uzi ameubana kwa meno, na midomo ilishazoea kufungwa. Njia nzima alisema neno moja, "Shimo," na kweli lilikuwa shimo.

Shamba lilianza pale nyumba zilipoishia: mahindi, migomba, na miti iliyoinamishwa na upepo wa bahari upande mmoja kama watu wanaochungulia. Banda liliezekwa kwa turubai lenye viraka vya kila rangi. Chini yake alisimama Madamu, mwekundu, mpana, kiwele kimejaa hadi kinang'aa. Alimtazama kinyozi kama mteja aliyeambiwa bei imepanda.

Shemeji akampa ndoo, kopo la mafuta na kigoda, kisha akaegemea nguzo. Kinyozi akapaka mafuta, akashika chuchu, akavuta. Kimya. Akavuta kama anayepiga kengele ya shule. Madamu akainua mguu, akaushusha taratibu ndani ya ndoo.

Shemeji akatoa hotuba: "Wale thelathini walikuwa hivi hivi?"

"Hawa wa pwani wana tabia zao," kinyozi akajibu, jasho linamtoka hadi kwenye nyusi.

Ikafika saa nne, ikafika saa tano. Akajaribu upande wa kulia, akajaribu kushoto, akajaribu kuomba kimoyomoyo. Madamu alianza kutetemeka miguu kwa maumivu, na kinyozi akaona aibu ya kweli, si ile ya kukamatwa. Mnyama huyu anaumia kwa sababu yeye hakuweza kusema sentensi moja pale kwenye kochi.

Akafumba macho. Mkono, kwa kukosa la kufanya, ukafanya unachokijua. Ukabana juu, ukaachia. Ukabana, ukaachia, mwendo wa mashine. Na ulimi, kwa mazoea ya miaka arobaini, ukaufuata:

"Basi siku hiyo akaja mteja mmoja, nywele ngumu, nikipitisha mashine zinatoka cheche..."

Sikio la Madamu likageuka. Chwaa! Mstari mweupe ukagonga ndoo.

Kinyozi akafumbua macho, akanyamaza kwa mshangao. Maziwa nayo yakanyamaza.

Shemeji akaiacha nguzo. "Endelea."

"Kukamua?"

"Hadithi!"

Akaendelea. Akasimulia yule aliyesinzia kwenye kiti siku tatu, akamnyoa anapoingia na akamnyoa tena anapoamka, maana zilikuwa zimeshaota. Akasimulia upara uliong'aa hadi madereva wakawa wanasimama wakidhani ni taa nyekundu. Chwaa, chwaa! Ndoo ikafika nusu, na kwa mfululizo wake hadithi iliyofuata ilikuwa ile ya ng'ombe thelathini. Ikamkwama kooni. Mtu unaweza kumdanganya dada kwa simu, lakini kumdanganya ng'ombe mambo ya ng'ombe, tena umemshika pale!

Akainama karibu na ubavu wa Madamu, akasema polepole: "Hii nakuambia wewe tu. Sijawahi kukamua hata mbuzi. Yule mdogo wangu nilimwongopea kwa sababu kila Jumapili naogopa akigundua sina jipya atakata simu. Na hajui kwamba siku sita zilizobaki nakaa nikitunga ya kumwambia."

Maziwa yakaja kuliko mwanzo, hadi povu likapanda ukingoni.

"Anajua," sauti ikasema nyuma.

Dada alikuwa mlangoni mwa banda, plasta kifuani, pikipiki iliyomleta bado inanguruma.

"Mama aliniambia zamani. Mwaka ule unaodai ulikuwa mkamuaji, ulikuwa unafagia nywele kwenye kibanda cha kinyozi."

"Sasa ukanituma ya nini?"

"Nilijua utakiri kabla hujafika mlangoni. Hukukiri! Ulipoondoka roho ikaanza kuniuma."

"Kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili ya ng'ombe!" Akacheka, akashika mbavu. "Huyu kila nikimkamua namsimulia uliyoniambia kwa simu. Mimi nikidhani anapenda mikono yangu. Kumbe tulikuwa tunakusikiliza wawili."

Saa sita ilipofika, kiwele kilikuwa kimelegea na Madamu anacheua.

Kinyozi alikaa hadi plasta ikafunguliwa, akikamua asubuhi na jioni, na siku za mwisho akamfundisha shemeji, endapo dada atateleza tena. Kubana na kuachia shemeji alikujua mara moja. Ikabaki hadithi. Akakaa kwenye kigoda, akakohoa, akafikiri sana.

"Siku moja," akasema, "nilishona turubai."

Chwaa. Madamu akasubiri. Kinyozi akasubiri. Dada akaziba mdomo kwa mkono uliopona.

"Likaisha."

Madamu akainua mguu.