Herufi za Mgongoni

Mimi Anaclet, fundi wa kushona katika soko la Kadutu, si mtu wa kuamini upuuzi. Miaka ishirini na sita nakanyaga cherehani, na nguo haijawahi kunifanya lolote zaidi ya kunichoma sindano. Jezi ya Mjerumani ndiyo iliyonitia woga, na nisiwafiche, woga huo ningali nao.

Binti yangu Aurore aliichagua kwenye mitumba mwezi wa tisa. Jezi ya basket, namba kumi na nne, na mgongoni jina KRUMP. Alitaka nilifumue jina hilo, nishone lake. Kumbe wakati huo wazazi wote wa Kadutu walikuwa wamekumbuka kwa mpigo kwamba watoto hawana sare za shule, na herufi zile zilishonwa na mtu mwenye roho mbaya, nyuzi mbili mbili. Nikamwambia: herufi moja kila Jumamosi, na usinisumbue.

Jumamosi ya kwanza nikatoa K. Kesho yake, kwenye uwanja wa parokia, Aurore alikaa benchi mchezo mzima, akaingizwa dakika ya mwisho, akafunga kikapu kimoja. Nikamshukuru Mungu. Jumamosi ya pili nikatoa R. Jumapili alipigwa kiwiko, akapasuka juu ya jicho la kushoto, akashonwa nyuzi saba.

Jirani yangu Dany anauza unités, yaani salio la simu, na ana udadisi wa paka. Aliandika lile jina kwenye simu yake, akanionyesha picha: Mjerumani mrefu, mwenye kovu juu ya jicho la kushoto.

"Papa Anaclet, sikia. Huyu Krump alikuwa professionnel saisons tano tu. Ya kwanza, benchi; aliingia mara moja, akafunga. Ya pili, walimupasula ku jicho. Ya tatu, alitupa mupira toka katikati ya terrain, wakapata coupe. Ya ine, capitaine."

"Na ya tano?"

Dany aliifunika simu kwa kiganja. "Aliruka yeye peke yake, hakuna mutu alimugusa. Goti ikalia. Hakucheza tena hata siku moja."

Nikamwambia aende akauze unités zake. Halafu nikahesabu herufi za jina. Tano.

Jumamosi ya tatu nikatoa U kwa ukaidi, ili nimwonyeshe Dany kwamba ni mjinga. Jumapili Aurore alirusha mpira kutoka katikati ya uwanja, ukaingia. Watu walipiga kelele. Mimi nilihisi baridi katikati ya jua la saa nane. Juma lililofuata sikugusa jezi. Aurore akaitoa M mwenyewe kabla ya misa, na mchana kocha Bintu akampa ukapteni.

Ikabaki P. Na Jumapili iliyofuata wangekuja watu kutoka Kinshasa kuchagua wasichana wa timu ya taifa, jambo ambalo Aurore ameliota tangu ana miaka kumi na moja.

"Papa, ile P unaitosha, ao niitoshe mwenyewe?"

"Haitoki. Vaa jezi ingine."

"Ju ya nini? Na hii njo jezi watu ya Kinshasa wataniona nayo. Minataka jina yangu."

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu!" nikamkaripia, na neno likaniunguza ulimi kabla halijaisha kutoka. Yeye alikuwa ameshashika wembe. Nikapayuka la kwanza lililonijia.

"Hiyo P haiko tena ya Mujerumani. Iko ya Papa. Iache, nikae na weye ku terrain."

Aurore alinitazama, akacheka hadi machozi, akaweka wembe chini. Nikashona jina lake hapo hapo: P. AURORE.

Jumapili nilikaa kwenye jiwe pembeni mwa uwanja. Karibu na mwisho aliruka peke yake, hakuna mtu karibu. Nikafumba macho. Nikasikia kitu kikikatika, kikavu, kama kuni ya kuwashia moto.

Nilipofumbua, Aurore alikuwa amesimama kwa miguu yake miwili. Mpira ulikuwa umeingia, na yeye alikuwa akinitafuta kwa macho. Nikataka kuinuka nimpigie makofi. Sikuweza. Goti langu la kulia lilikuwa linavimba ndani ya suruali, na hakuna mtu aliyenigusa.

Alichaguliwa. Anaondoka Alhamisi. Daktari amesema mguu huu hautakanyaga cherehani tena. Mkuu ndiye aliyevunjika guu, na mimi sijuti. Wembe nimeuficha.

Jana alikuja kunikanyagia cherehani, mimi nikiongoza kitambaa. Katikati ya mshono akasimamisha miguu.

"Papa, inauma?"

"Kanyaga," nikamwambia. "Sare ni za watu."